Uzito wa bi mkubwa haujashuka hata kilo, ila nguvu zimekwisha. Misuli ya mzee inapimwaje?

#1 MtotoWaMuheza

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa wote shikamooni.

Nina jambo linaninyima usingizi tangu nitoke Muheza wiki iliyopita. Bi mkubwa ana miaka 74. Presha anayo, dawa anameza, kliniki hakosi. Kadi yake nimeipitia ukurasa kwa ukurasa: mwaka jana mwezi wa tatu kilo 66, juzi kilo 66. Kila akienda anapandishwa mzanini, anafungwa mpira wa presha, anaambiwa "mama uko vizuri", anarudi nyumbani.

Sasa Jumapili nimemkuta jikoni anakuna nazi. Kukuna hakumpi shida. Alipomaliza ndipo nikaona. Hakuinuka. Alijiburuza na mbuzi yake mpaka ukutani, akashika nondo ya dirisha kwa mkono wa kulia, akajivuta, kisha akasimama palepale anahema. Nikajifanya natafuta chumvi.

Akakamua tui, machicha akayaweka pembeni. Nikayachukua nikayabana kwa mkono wangu, likatoka tui zito, karibu nusu kikombe. Wakuu, huyu ndiye mama ambaye machicha yake zamani ukiyapuliza yanapeperuka.

Nikimtazama, tumbo lipo, tena limeongezeka. Mapaja ndiyo yameisha. Nyuma kanga inaning'inia tu.

Nilipomuuliza daktari wa kliniki akanijibu "si umri huo". Naomba kujua: hii hali inapimwa? Kwa kitu gani, na wapi? Maana mzani naona unatudanganya.

#2 Nakaa Mbele

Nimeshaweka kiti. Ngoja waje wataalamu.

#3 Jeshi la Mtu Mmoja

Uzee ni uzee mkuu. Miaka 74 unataka aruke kamba? Shukuru Mungu anakuna nazi mwenyewe, wenzio mama zao wako kitandani. Mkianza kuwapima wazee kila kiungo mtawapa magonjwa ambayo hawakuja nayo.

#4 Chuma Mtaani

Rahisi sana hiyo. Gym ninayofanyia mazoezi kuna mzani wa kisasa, unapanda pekupeku, unashika vishikio viwili, sekunde kadhaa unatoka na karatasi: mafuta asilimia ngapi, misuli kilo ngapi, maji kiasi gani, mpaka mguu wa kushoto na wa kulia. Mlete bi mkubwa mjini apimwe, hakuna haja ya kubahatisha.

#5 FizioPwani

Mtoa mada, pole, na hongera pia. Ulichokifanya na yale machicha ni kipimo kamili, kimekosa namba tu. Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba, wazee wa namna hii nawaona kila wiki, na karibu wote wanaletwa baada ya kuanguka. Wewe umewahi.

Hali yenyewe inaitwa sakopenia. Jina halina umri mkubwa, lilitoka kwa Irwin Rosenberg, Mmarekani, kwenye mkutano uliofanyika Albuquerque mwaka 1988. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, nyama na upungufu. Alisema hakuna kinachopungua mwilini kwa mzee waziwazi kama nyama, na bado watu hawalishughulikii, labda kwa kuwa halina jina. Akalipa jina.

Kuhusu mzani. Mzani unajumlisha tu. Misuli ikitoka kilo 3 na mafuta yakiingia kilo 3, sindano inabaki kwenye 66 ile ile na nesi anaandika "vizuri". Tena mafuta hayaishii tumboni. Mengine yanajipenyeza katikati ya nyuzi za msuli wenyewe, kama nyama ya ng'ombe wa kunenepeshwa. Kwa hiyo hata mzee mwenye mguu mnene usimwamini mpaka umwone anainuka.

Zamani wataalamu walishikilia kilo. Mwaka 1998 Baumgartner na wenzake walipima wazee wa New Mexico, wakatafuta uzito wa nyama za mikono na miguu, wakaugawa kwa kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Mwanamume akiwa chini ya 7.26, mwanamke chini ya 5.45, basi misuli yake ni pungufu. Miaka mingi tukaenda hivyo. Shida ikaja walipoanza kuwafuatilia wazee mwaka hadi mwaka: nguvu inapotea haraka kuliko nyama, kwenye miguu inafika mara tatu. Maana yake unaweza kukaa unapima nyama, unaona imepungua kidogo tu, kumbe mwenye nyama hawezi tena kutoka chooni bila kushika ukuta. Ndiyo maana kundi la wataalamu wa Ulaya walipopitia upya mwongozo wao mwaka 2018 wakageuza foleni: nguvu kwanza, nyama inafuata kama uthibitisho.

Sasa wewe fanya hivi.

Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, kimo cha kawaida cha kiti cha kulia chakula, sentimita 43 hadi 46. Kiegemeze ukutani. Mama akae, akunje mikono kifuani. Kwanza mwambie asimame mara moja tu bila kushika popote. Akishindwa, umeshapata jibu, usimlazimishe. Akiweza, asimame na kukaa mara tano, haraka kadiri awezavyo. Saa ianze unaposema "anza", na uisimamishe anaponyooka wima mara ya tano. Wengi wanasubiri akae, wanamwongezea sekunde bure. Simama ubavuni mwake, mkono tayari. Kigezo cha Ulaya: zaidi ya sekunde 15, nguvu ni pungufu.

Cha pili ni kutembea. Pima mita 4 sakafuni, weka alama, muache aanzie nyuma kidogo ya alama ya kwanza. Mwendo wake wa kwenda sokoni, asishindane. Akitumia sekunde 5 au zaidi, mwendo wake umeshuka hadi mita 0.8 kwa sekunde au chini ya hapo, na hapo si pazuri.

Cha tatu, nguvu ya kiganja, kinataka kifaa. Kinaitwa dinamometa, ni kama koleo lenye saa yake, unabana inakusomea kilo. Ulizia idara ya mazoezi tiba ya hospitali ya mkoa au ya rufaa.

#6 FizioPwani

Chuma Mtaani, mzani wako haupimi misuli. Unapitisha umeme mdogo sana mwilini unapima jinsi unavyokwama. Maji yanapitisha umeme, mafuta yanauzuia, halafu fomula iliyomo ndani inakisia kilo. Mzee mwenye presha anameza vidonge vya kukojoa, leo ana maji haya, kesho yale. Mwenye miguu iliyovimba ndiyo balaa, atatoka na karatasi ya mwanamieleka.

Hata deksa, ile mashine ya mionzi inayopima mifupa ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa mwamuzi, inachosoma ni kile kisicho mfupa wala mafuta. Maji yamo humo humo.

#7 Jeshi la Mtu Mmoja

Sasa kama mashine zote zinakisia, si nilisema? Tunarudi palepale, uzee.

#8 FizioPwani

Mkuu, nguvu ya kiganja haikisii kitu. Unabana, inasoma. Na inasema zaidi ya unavyodhani. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya utafiti mmoja mkubwa, watu karibu 140,000 wa nchi 17, zikiwamo Zimbabwe na Afrika Kusini. Walibanishwa tu kifaa mkononi kisha wakafuatiliwa. Kila kilo 5 zilizopungua ziliendana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa. Ilitabiri vifo kuliko namba ya juu ya presha. Mpira wa presha tunawafunga wazee kila mwezi. Kiganja hatukigusi.

#9 Babu Korosho

Wanangu, nawasoma hapa kimya. Mimi ni huyo "mzee" mnayemjadili, nina miaka 71, niko Newala. Nimekaa kwenye kiti changu cha mbao, mjukuu akashika saa ya simu. Mara tano, sekunde 11 na nukta nane. Mara ya kwanza aliniambia 14, kumbe alikuwa anacheka akachelewa kuizima.

Huyu anayesema uzee ni uzee, aje tubanane mikono.

#10 Nakaa Mbele

😂😂 Shikamoo babu.

#11 Babu Korosho

Marahaba mwanangu.

#12 WaThika

Mimi niko Thika, nimesoma huu uzi wote nikampigia nyanya yangu Murang'a. Niliona mahali kuna maswali matano ya kuuliza bila kifaa chochote: kubeba mzigo, kutembea ndani ya nyumba, kuinuka, kupanda ngazi na kuanguka. Ukipata alama 4 kwenda juu unachunguzwa zaidi. Nimefika swali la ngazi kumi nyanya akaniuliza, "Ngazi gani? Hii nyumba imekuwa na orofa lini?" Nikakwama hapo.

Swali lingine: hiyo mashine ya kubana siioni kwa chemist yoyote huku. Kuna mbadala?

#13 FizioPwani

Hayo maswali ni ya Malmstrom na Morley, 2013. Kila swali lina 0, 1 au 2, jumla 10. Mazuri kwa sababu ni bure, ila yanaacha wengi nje ya wavu. Anayepata 4 mara nyingi kweli ana shida. Anayepata 1 usimwambie yuko salama.

Nyanya yako ana hoja. Swali lilitungwa kwa watu wenye ngazi. Mimi nikikutana na mzee wa nyumba ya chini namuuliza kuhusu kilima cha kwenda kisimani, au kupanda daladala ile hatua ya kwanza. Pia namuuliza choo chake ni cha namna gani. Mzee wa choo cha kuchuchumaa anafanya mtihani wa mapaja kila siku, na siku anapoanza kuomba awekewe kiti chooni, familia inadhani ni magoti. Kweli, pengine ni magoti. Ila muangalie na mapaja.

Mbadala upo. Chukua mashine ya presha ya zamani, ya saa na mpira wa kupuliza kwa mkono. Ukunje ule mkanda uwe kama andazi refu, ufunge usifunguke, ujaze mpaka sindano isome 20, mzee aubane kwa nguvu zake zote, usome sindano ilipofika. Namba haiji kwa kilo, kwa hiyo usiilinganishe na ya mtu mwingine wala na jedwali lolote. Ilinganishe na ya kwake ya miezi mitatu ijayo.

#14 Nyakato

Jamani na mimi naomba msaada. Baba yangu ana 68, tangu mwezi wa sita amepungua kilo 11. Suruali zote anafunga kamba. Anakula vizuri tu, tena anakunywa maji kama ngamia. Ndugu wanasema ndiyo hiyo misuli ya uzee. Nimpime na kiti?

#15 FizioPwani

Dada, weka kiti pembeni, mpeleke hospitali kesho. Kilo 11 kwa miezi michache si uzee. Na hayo maji ndiyo yananitisha. Apimwe sukari kwanza kabisa, na wamtazame kifua kikuu na mengine. Sakopenia haimalizi mtu kwa kasi hiyo, inanyata kwa miaka.

#16 MtotoWaMuheza

Nimerudi na namba, wakuu.

Kiti nilianza na cha plastiki, kile cheupe cha kwenye sherehe. Fizio naomba usinichape. Mama alipokaa mara ya pili kikateleza, nikamdaka. Nikaachana nacho, nikatumia kiti cha mbao cha mezani. Mara tano: sekunde 19.4. Ya nne alisita nusu njia, makalio yako hewani, nikadhani anarudi chini, akamalizia.

Mita 4: sekunde 5.6.

Jumatatu nikampeleka mjini Tanga idara ya mazoezi tiba. Kifaa kipo, kilikuwa kabatini, betri haina haja. Akakaa, kiwiko kimekunjwa pembe mraba, akabana mara tatu kila mkono. Mkono wa kulia 15, 17, 16. Wa kushoto 14, 14, 15. Wakachukua ile kubwa, 17.

Shavu la mguu wakalizungushia futi ya fundi cherehani, sentimita 31 na nusu.

Sasa kimenichanganya kitu kimoja. Aliyempima akaniambia kwa kiganja "amefaulu". Mimi yale machicha nimeyabana mwenyewe. Amefaulu vipi?

#17 FizioPwani

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wa fani yangu tunapogombana, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

17 ya mama yako ina hukumu tatu.

Kwa Ulaya, mwanamke anahesabiwa dhaifu akiwa chini ya 16. Mama amefaulu.

Kwa kundi la Asia, mwongozo wa 2019, ni chini ya 18. Mama amefeli.

Kwa kundi la Marekani la 2020 ni chini ya 20. Amefeli tena. Hao ndio wakali zaidi, kwa mwanamume wanataka 35.5 wakati Ulaya wameridhika na 27. Na hao hao Wamarekani waliitoa deksa nje ya tafsiri yao kabisa, walipoona kilo za nyama hazitabiri nani ataanguka wala nani atashindwa kutembea.

Mkono mmoja, siku moja. Imekuwaje? Tazama namba zilikotoka. Ile 16 ya Ulaya ilitokana na kuunganisha tafiti 12 za Uingereza: wakatafuta nguvu ya kijana wa Kiingereza ikiwa kileleni, wakashuka chini yake umbali maalumu, wakaweka mstari. Asia hawakutumia vijana. Walipanga wazee wao kwa nguvu, wakachukua sehemu moja ya tano iliyo mkiani. Marekani wakauliza swali lingine kabisa: ni namba gani inayotenganisha wanaotembea polepole na wengine? Maswali matatu tofauti, ndiyo maana majibu hayafanani.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza na mwanamke wa Muheza aliyelima, akakamua tui na kufua kwa mikono tangu ana miaka kumi. Mwanamke wa namna hiyo huenda ujanani alibana 32. Akishuka hadi 17 amepoteza karibu nusu, na karatasi ya Ulaya bado inampigia makofi. Mwingine ambaye maisha yake yote hakuvuka 20, akiwa na 17 yuko karibu na alipokuwa.

Kwa hiyo aliyempima hakukosea, amesoma jedwali moja. Wewe una jedwali la pili, unakumbuka machicha yalivyokuwa. Na kiti kimesema bila utata: sekunde 19.4 imepita Ulaya yenye 15, imepita Asia yenye 12. Mwendo nao uko chini ya mstari. Nguvu za mama ni pungufu, usitafute hukumu ya nne.

Kidogo kuhusu shavu la mguu. Fomu maarufu ya lishe ya wazee inashtuka chini ya 31, Asia wanashtuka kwa mwanamke chini ya 33. Ni kipimo kizuri cha kijijini, hakitaki umeme wala mtaalamu. Ila kwanza bonyeza kwa kidole juu ya mfupa wa mguu, ushikilie, uachie. Kikibaki kishimo, mguu umevimba, futi itakusomea maji.

#18 Jeshi la Mtu Mmoja

Leo Fizio umenikamata hapo kwenye 32 na 17. Ila hiyo 32 umeitoa wapi? Si umesema huenda?

#19 FizioPwani

Nimesema huenda, mkuu, ni mfano. Hakuna aliyempima akiwa na miaka 25, na hilo ndilo lalamiko langu. Ukimpima bi mkubwa wako leo akiwa mzima, miaka mitano ijayo hutahitaji "huenda".

#20 Mlezi wa Leeds

Salamu kutoka kwenye baridi. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee huku Uingereza mwaka wa sita sasa. Msidhani huku kila mzee anapitishwa kwenye mashine. Tunachofanya kila mwezi ni uzito, kimo, na fomu ya lishe. Asiyeweza kusimama mzanini tunazungusha futi kwenye mkono wa juu, ikiwa chini ya 23.5 tunajua ni mwembamba mno. Hiyo fomu nayo inafuata uzito, kwa hiyo bibi mnene anayeshindwa kuinuka anapita bila alama hata moja. Mtoa mada, la bi mkubwa lipo na huku.

Ninachoweza kuongeza ni kitanda. Nimeona babu anaingia hospitali na nimonia akiwa anatembea na fimbo yake, wiki mbili baadaye anarudishwa kwa kiti cha magurudumu na kifua kimepona. Nilipofanya kozi tulisomeshwa utafiti wa 2007: wazee wazima kabisa, wasio wagonjwa, walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama za miguuni. Siku kumi! Sasa sisi nyumbani mzee akisema anaumwa tunamwambia "lala mama, usiinuke, tutakuletea kila kitu". Tunafanya kwa upendo kabisa.

#21 Chuma Mtaani

Nimekuja kukiri. Jana nilipanda ule mzani wa gym asubuhi kabla ya chai, nikapanda tena jioni baada ya mazoezi na chupa mbili za maji. Misuli imetofautiana kilo 1 na nukta 6. Kwa siku moja. Ningekuwa naongeza misuli hivyo ningeshahamia Marekani.

Fizio nisamehe. Ila mnamwambia afanye nini? Kupima peke yake hakuleti nyama.

#22 FizioPwani

Karibu nyumbani Chuma. Jibu unalo wewe, ni chuma. Mwaka 1990 kule Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwanyanyulisha vyuma wazee kumi wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wanaishi kwenye nyumba ya kulelea. Mmoja hakumaliza. Wiki nane, miguu tu. Nguvu ya waliomaliza ilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Ukubwa wa msuli wa paja, asilimia 9. Chuma, ziangalie hizo namba mbili halafu uniambie kama kuna maana ya kukimbilia mashine inayosoma kilo za nyama.

Bi mkubwa hahitaji gym. Kiti kile kile alichopimiwa. Ainuke na kukaa mara 8, apumzike, arudie, siku tatu kwa wiki, siku za mwanzo akishika meza. Ikizoeleka, ashike chupa za maji mikononi. Kwa kuwa ana presha, amwulize daktari wake kwanza, asibane pumzi anapoinuka, na akisikia kifua kinauma au kizunguzungu aache.

Chakula: kwa mzee tunataka protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo kwake ni kama 66 hadi 80. Yai moja lina 6, glasi ya maziwa 8. Chai na andazi asubuhi, wali na kisamvu mchana, hafiki. Dagaa, maharage, samaki. Mwenye figo mbovu asifuate hili bila daktari.

#23 Nyakato

Nimerudi kushukuru. Baba sukari ilikuwa 24. Amelazwa siku nne, sasa yuko nyumbani na dawa. Daktari amesema mngechelewa wiki mbili tu mngekuja vibaya. Mungu akubariki Fizio.

Akipata nguvu nitamkalisha kwenye kiti.

#24 MtotoWaMuheza

Wakuu, wiki ya 12 leo. Dada yangu anayekaa naye ndiye alikuwa msimamizi. Mama wiki ya kwanza alikataa, akasema hajawahi kuona mtu anafanya kazi ya kukaa. Wiki ya tatu dada akamkuta anafanya mwenyewe akisubiri maharage yaive.

Namba: mara tano, kutoka 19.4 hadi 14.7. Mita 4, kutoka 5.6 hadi 4.8. Kiganja, kutoka 17 hadi 18. Shavu la mguu, 31 na nusu, halijasogea. Uzito, mtakisia: 66.

Kwa hiyo kiganja kimepanda na kwa Asia amefaulu, sivyo?

#25 FizioPwani

Hongereni sana, hasa dada. Kiganja usikishangilie, kilo moja inaweza kuletwa na usingizi mzuri au na mpimaji mwenye sauti kubwa ya "bana bana bana". Tena mazoezi yalikuwa ya miguu. Karibu sekunde 5 za kwenye kiti, hizo nazikubali, ingawa zingine ni za kuuzoea mchezo wenyewe.

Swali moja tu: kiti ni kile kile? Sentimita tatu za kimo zinatosha kukudanganya.

#26 MtotoWaMuheza

Ni kile kile. Dada amekiandika MAMA nyuma kwa maka peni, wajukuu wasikihamishie kwenye tivii.

#27 Babu Korosho

Sekunde 11 na nukta mbili leo. Yule bwana hajaja bado.